ACHENI KUGAWANA NYWILA, TOENI TOKENI!

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kuna walionipigia simu kuuliza kama nimefungwa, wengine wakauliza kama nimeoa. Majibu ni hapana kwa yote mawili. Nilikuwa na hasira tu, na mimi nikiwa na hasira naandika hovyo. Sasa imepungua kidogo. Kidogo tu, lakini inatosha.

Leo siasa naziweka pembeni. Nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tumewaachia mafundi wa kompyuta, kumbe linatuhusu sote: mfumo mmoja unapotaka kuchukua taarifa kutoka mfumo mwingine, unajitambulishaje? Yaani programu ya mahesabu inapotaka kusoma miamala ya simu, programu ya hospitali inapotaka kusoma rekodi za bima, programu ya gazeti inapotaka kusoma barua za wasomaji... inabisha hodi vipi?

Katika ofisi nyingi ninazozijua mimi jibu ni moja: ipe nywila. Nywila ya nani? Ya bosi. Ya idara. Ya "ofisi". Inaandikwa kwenye karatasi, inatumwa kwa ujumbe wa simu, fundi anaibandika ndani ya programu yake, kazi imekwisha, tunakunywa soda.

Nasema huo ni uzembe. Na siyo uzembe wa kuchekesha. Ngoja niwasimulie.

Gazeti moja nililowahi kuliandikia (jina lake liacheni) lilikuwa na sanduku moja la barua pepe la chumba cha habari. Humo ilikuwa inaingia kila kitu. Barua za wasomaji, matangazo ya vifo, malalamiko ya wasanii, taarifa za vyama vya michezo, na pia nyaraka kutoka kwa watu wanaotupa habari kwa siri. Uongozi ukaamua barua za wasomaji ziwe zinaingia zenyewe kwenye mfumo wa kupanga kurasa, ili mtu asikae ananakili moja moja. Wazo zuri kabisa. Akaletwa kijana wa kuunganisha mifumo hiyo miwili. Akasema anahitaji nywila ya sanduku. Mhariri, mzee wetu ambaye namheshimu sana kwa mengine, akachana kipande cha karatasi akamwandikia. Mimi nilikuwepo. Nikauliza, "Mzee, hivi si anahitaji barua za wasomaji tu?" Akanijibu, "Usiwe na wasiwasi, huyu ni kijana wetu."

Kijana wetu! Haya.

Kijana wetu akaiweka ile nywila ndani ya programu yake, kazi ikaenda. Baada ya miezi mitatu wakakosana kuhusu malipo, akaondoka. Sasa sikilizeni utamu wenyewe: nywila haikubadilishwa. Kwa nini? Kwa sababu ikibadilishwa programu inakufa, na aliyejua kuitengeneza ameshaondoka kwa hasira. Kwa hiyo nywila ikabaki ile ile. Tulikuwa tunaijua waandishi kumi na nne, yeye wa kumi na tano, ukijumlisha na kompyuta yake ya mkononi ambayo Mungu ndiye anayejua ilikuwa inaazimwa na nani.

Ndipo muuguzi mmoja wa hospitali ya wilaya, mahali nisipopataja, akanitumia picha za daftari la stoo. Dawa zimepokelewa, zimesainiwa, rafuni hazipo. Alituma kwenye sanduku lile kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia atume pale. Kabla hatujachapa hata mstari mmoja, aliitwa ofisini kwa bosi wake akaonyeshwa barua pepe yake mwenyewe. Imechapishwa kwenye karatasi! Na jina lake juu.

Alihamishwa ndani ya mwezi. Alinipigia mara moja tu. Akasema, "Kaka, mimi nilikutumia wewe. Sikuitumia wilaya nzima." Akakata. Habari yenyewe haikutoka kamwe.

Je, ni yule kijana? Sijui, na simtuhumu. Na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Tulipofungua kumbukumbu za sanduku kuona nani aliingia, tulikuta jina moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: chumba cha habari. Mhariri akiingia, ni chumba cha habari. Mimi nikiingia, ni chumba cha habari. Programu ikiingia, ni chumba cha habari. Mwizi akiingia, naye ni chumba cha habari. Nywila ya pamoja inatufanya sote tuwe mtu mmoja, na mtu huyo hana uso.

Sasa tuje kwenye dawa, maana kulalamika bila kupendekeza ni umbea.

Dawa inaitwa tokeni. Msishtuke, neno mnalijua. Kila mwenye mita ya LUKU analijua. Unalipa, unaletewa tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita, umeme unawaka. Hebu jiulize zile tarakimu 20 zina tabia gani. Kwanza, zimetengenezwa kwa ajili ya mita yako peke yake, jirani akizidokoa hazimsaidii kitu. Pili, zimebeba kiasi ulicholipia, siyo umeme wote wa Mtera. Tatu, ukishazitumia zimekufa, huwezi kuziingiza tena kesho. Na kubwa kuliko yote: ili upate umeme, hakuna mtu wa TANESCO aliyekupa ufunguo wa kituo. Umepewa kibali kidogo cha kitu kidogo, basi.

Tokeni ya mifumo ya kompyuta inatoka kwenye fikra za namna hiyo, ingawa mitambo yake ni tofauti. Inakwenda hivi. Mwenye taarifa (tuseme mhariri wetu) anaingia mwenyewe kwenye mfumo wake, kwa nywila yake, na nywila haimtoki. Mfumo unamuuliza: programu ya kupanga kurasa inaomba kusoma barua za wasomaji, unakubali? Akikubali, mfumo unaipa ile programu mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Huo ndio tokeni. Kila programu ikija kuomba barua, inakuja na tokeni yake mkononi. Mfumo unaikagua: ni ya kweli? Bado hai? Imeruhusiwa nini? Ikiwa imeruhusiwa kusoma barua za wasomaji, itasoma hizo. Ikigusa kabrasha la nyaraka za siri, inaambiwa rudi ulikotoka.

Hesabuni faida. Ina mipaka: kusoma tu, au kabrasha moja tu. Ina umri: dakika kumi, saa moja, siku moja, kisha inakufa yenyewe. Ina jina: kwenye kumbukumbu itaonekana wazi kwamba saa nane usiku aliyeingia ni programu ya kupanga kurasa, siyo "chumba cha habari". Na inafutika peke yake: kijana wetu akiondoka kwa hasira, unaifuta tokeni yake jioni ile ile, na hakuna mtu mwingine anayehitaji kubadilisha chochote. Nywila haina hata moja kati ya hayo manne. Nywila inafungua vyote, kwa muda wote, kwa yeyote, na ukiifuta umewafungia nje wote.

Kama tungekuwa na tokeni, yule dada angekuwa bado yupo wodini kwake? Siwezi kuapa. Inawezekana barua ilivuja kwa njia nyingine. Lakini watu wa kushukiwa wangepungua mmoja, programu moja na kompyuta moja ya mkononi, na tungekuwa na kumbukumbu ya kusoma badala ya kutazamana.

Mtu atasema, haya mambo ni mapya, yatufikie taratibu. Mapya?! Mwaka 2006 mimi nilikuwa shule ya msingi, na tayari watu walikuwa wanaumiza kichwa nayo. Twitter ilikuwa imeanza mwaka huo huo, na programu za watu wengine zilizotaka kuandika kwa niaba yako zilikuwa zinakuomba nywila yako. Unampa mtu usiyemjua, anaihifadhi, unasali. Blaine Cook wa Twitter, Chris Messina na wenzao wakaanza kutafuta njia ya kuipa programu kibali bila kuipa nywila. Utaratibu wao, ulioitwa OAuth, ukatoka rasmi Desemba 2007. Mwaka 2009 ikagundulika kasoro, wakaitengeneza mwaka huo huo. Agosti 2010 Twitter ikafunga kabisa mlango wa nywila kwa programu za nje. Mwaka 2010! Toleo la pili la OAuth likachapishwa kama kanuni ya intaneti Oktoba 2012. GitHub, ambako mafundi wetu wengi wanahifadhi kazi zao, ilikataa nywila kwa kazi za Git kuanzia Agosti 13, 2021. Na Januari 2025 ikachapishwa kanuni ya usalama, namba 9700, inayosema kwa herufi kubwa kwamba ule utaratibu wa mtumiaji kuikabidhi programu nywila yake ili ibadilishiwe tokeni USITUMIKE. Siyo "ikiwezekana". Usitumike.

Tena siyo mambo ya Marekani tu. Nenda hapo Kenya. Safaricom walifungua Daraja mwaka 2017 ili programu za wafanyabiashara ziongee na M-Pesa moja kwa moja. Programu haiendi na nywila ya mwenye duka. Inakwenda na ufunguo wake na siri yake, inapewa tokeni, na kwenye tokeni imeandikwa itaishi sekunde 3,599. Saa moja kasoro sekunde moja! Muda ukiisha, ombi linakataliwa mpaka uombe nyingine. Vijana wa Nairobi, Kisumu, Mombasa wanaoandika programu za maduka wanafanya hivyo kila siku bila kelele. Kwa hiyo msiniambie Mwafrika hawezi, au bajeti haitoshi. Muuza vifaa vya ujenzi wa Gikomba ameweza, wewe mwenye jengo la ghorofa sita umeshindwa?

Nimewauliza wakubwa kadhaa kwa nini hawataki. Majibu nimeyapanga katika mafungu matatu, na nayajibu moja moja.

La kwanza: "Tunaaminiana." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linavaa nguo ya utu. Ukidai mipaka unaonekana humwamini mwenzako, una roho mbaya, umesoma sana. Jamani, mweka hazina wa chama cha kuzikana naye anaaminika, lakini bado kuna watia saini watatu benki. Kondakta ni kijana wetu, lakini mwenye daladala anahesabu hesabu kila jioni. Mipaka haimtukani mtu mwaminifu. Inamlinda! Yule kijana wetu angekuwa na tokeni ya barua za wasomaji tu, leo hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Nywila tuliyompa ndiyo iliyomfanya mshukiwa wa kila kitu, mpaka kesho. Tulimpa mzigo ambao hakuuomba.

La pili: "Ni kazi kubwa, ni gharama." Ni kweli ni kazi. Sitadanganya. Fundi anatakiwa aweke sehemu ya kuomba tokeni, aweke sehemu ya kuomba nyingine ya kwanza ikifa, ahifadhi siri ya programu mahali salama, na siyo kuibandika kwenye faili ambalo kesho linawekwa hadharani. Vitu vinavyobeba muda ndani yake vinataka matunzo. Mnakumbuka mwaka 2024 tulivyoambiwa tuziboreshe mita zetu za LUKU kwa kuingiza tarakimu za ziada? Watu walinung'unika wakidhani ni njama. Sababu yake ilikuwa ya hesabu tu: tokeni za mita za aina hiyo dunia nzima zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Ilibidi kila mita iguswe. Usumbufu? Ndiyo. Lakini kuna mtu alisema basi tuache mita, kila mtu ajiunganishie tu nguzoni? Gharama ya kutunza haikufanyi uache mlango wazi. Na mkipiga gharama, pigeni na ile ya upande wa pili: habari iliyokufa, mtu aliyehamishwa, na watu ambao hawatatutumia tena kitu chochote.

La tatu ndilo la maana, na nawaheshimu wanaolisema: "Hata tokeni zinaibiwa."

Kweli kabisa. Tokeni nyingi ni kama noti: aliyenayo mkononi ndiye mwenyewe, mfumo hauulizi ameipata wapi. Hapa LUKU inazizidi akili, maana tarakimu zake hazifanyi kazi kwenye mita ya jirani. Tena mmoja wa waandishi wakuu wa OAuth, Eran Hammer, alijitoa Julai 2012 na kuondoa jina lake kwenye toleo la pili, akilalamika kwamba limelegezwa na usalama umepungua. Sasa tuangalie mambo yaliyotokea kweli, tusiogope.

Septemba 28, 2018, Facebook ilitangaza kwamba kasoro kwenye sehemu ya kuangalia ukurasa wako kama wengine wanavyouona iliwawezesha wezi kuchukua tokeni za watu. Kwanza walisema karibu watu milioni 50, baadaye uchunguzi ukaonyesha kama milioni 30. Ni balaa, sibishi. Desemba 2024 tume ya ulinzi wa data ya Ireland ilimtoza Meta faini ya euro milioni 251 kwa tukio hilo. Lakini tazameni walichofanya kuzima moto. Walifuta tokeni za wale milioni 50, wakaongeza na za wengine milioni 40 kwa tahadhari. Watu milioni 90 wakaamka wametolewa kwenye akaunti, wakaingia upya, tokeni zilizoibiwa zikawa takataka. Hakuna aliyelazimika kubadilisha nywila, kwa sababu nywila hazikuwa zimeibiwa. Sasa linganisheni na gazeti letu, ambalo lilishindwa kufuta nywila MOJA.

Agosti 2025 likatokea jingine. Wezi walipata tokeni za Drift, programu ya kampuni ya Salesloft ambayo makampuni mengi yaliiunganisha na Salesforce. Kwa tokeni hizo wakaingia na kuchota data za wateja kwa siku kadhaa. Google ilisema huenda makampuni zaidi ya 700 yaliguswa, na waliokiri ni pamoja na makampuni ya usalama wa mtandao yenyewe: Cloudflare, Zscaler, Palo Alto Networks. Agosti 20 tokeni zote za Drift zikafutwa. Somo hapa siyo kwamba tokeni hazifai. Somo ni kwamba tokeni inayoishi muda mrefu na kufungua vyumba vingi inaanza kufanana na nywila, na ikifanana na nywila itaumiza kama nywila.

Na kuna kisa kibaya zaidi ambacho hakikuwa na wizi hata kidogo. Watu kama 270,000 walikubali kwa hiari yao kuipa kibali programu ya maswali kwenye Facebook. Kibali kilifanya kazi sawasawa kama kilivyopangwa. Tatizo ni kwamba kilivyopangwa kiliruhusu kuchukua na taarifa za marafiki zao, na mwaka 2018 Facebook ikakiri kwamba watu hadi milioni 87 huenda taarifa zao zilifika Cambridge Analytica. Kampuni hiyo hiyo ambayo mmoja wa mabosi wake alirekodiwa kwa siri akijigamba kuhusu kazi yao katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na 2017. Kwa hiyo tukisema tokeni, tusiishie kwenye jina. Tokeni inayosema "ruhusu yote" ni nywila iliyobadilishwa nguo.

Kwa hiyo ninachodai siyo tokeni tu. Nadai tokeni zenye adabu. Nayaweka wazi ili mtu asiseme sikueleweka:

1. Fundi akikuomba nywila yako ili aunganishe mifumo, mkatalie. Akisema haiwezekani bila nywila, mwambie alete mfumo mwingine au wewe utaleta fundi mwingine.

2. Kila programu iwe na tokeni yake. Msichangie. Kuchangia tokeni ni kurudi kule kule kwenye "chumba cha habari" kisicho na uso.

3. Mipaka iwe midogo kadri inavyowezekana. Programu inayosoma, isome tu. Mtu akiomba ruhusa ya kufuta, aeleze anataka kufuta nini.

4. Umri uwe mfupi. Kama M-Pesa yenye fedha za watu inaishi na tokeni ya saa moja, na mfumo wako wa barua utaishi.

5. Pawe na mtu mwenye jina, siyo "idara", anayejua orodha ya tokeni zote zilizo hai na anayeweza kuifuta yoyote usiku wa manane. Mara moja kwa mwezi aipitie. Ya aliyeondoka, futa.

6. Kwa mifumo mizito (hospitali, benki, vyombo vya habari vyenye nyaraka za siri) tokeni ifungwe kwa programu iliyopewa, kama LUKU ilivyofungwa kwa mita. Njia zipo, kanuni zake zimechapishwa mwaka 2020 na 2023. Fundi wako akisema hajawahi kuzisikia, mpe wiki moja asome.

Na sheria? Kenya wanayo ya ulinzi wa data tangu 2019. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Sheria inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Sasa mimi nauliza: taarifa za watu zilizo nyuma ya nywila iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, na kujulikana na watu kumi na tano, hizo zimelindwa? Wakaguzi wanapokuja kuuliza "mna nywila?", ofisi inajibu "tunayo", wanaweka alama ya vyema. Swali linalotakiwa ni jingine: nani anayo, inafungua nini, na mkitaka kumtoa mtu mmoja leo mnaweza?

Wenzangu waandishi, hapa nawageukia ninyi. Sisi ndio tunaopiga kelele serikali ikitaka kujua chanzo cha habari. Tunaandika tahariri, tunanukuu katiba, tunapiga picha tumefunga midomo kwa plasta. Halafu tunarudi ofisini tunawaweka vyanzo vyetu kwenye sanduku lenye ufunguo uliozagaa mtaa mzima. Hakuna afisa wa usalama anayehitaji kutunyang'anya kitu sisi. Anahitaji kuomba tu, kwa mtu mmoja kati ya kumi na tano.

Mimi mwenyewe nina sehemu yangu. Niliuliza swali moja, nikajibiwa "kijana wetu", nikanyamaza kwa sababu aliyejibu ni mzee na mimi ndio kwanza nilikuwa na miezi minne kazini. Halafu nikamwambia yule dada atume pale pale. Nilijua, na bado nikamwambia. Hilo halifutiki kama tokeni.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi nyingine kabisa, nasubiri mahojiano. Kijana wa kuunganisha mifumo alikuwepo, kompyuta magotini. Mkuu wa idara akatoa kalamu, akachukua karatasi ya njano yenye gundi, akaanza kuandika. Nikasimama nikasema, "Samahani mama, najua sijaulizwa..." Alinitazama kama mtu aliyeingia msibani na ngoma. Lakini tulizungumza dakika ishirini, na kijana akakiri kwamba mfumo wao unatoa tokeni, ila hakuwahi kuombwa. Hakuwahi kuombwa!

Karatasi ilichanwa mbele yangu. Moja. Zilizobaki mtazichana ninyi.

Naomba kuwasilisha.